Mvua ya Wiki Ile

Nyumbani, 4 Februari

Mume wangu,

Barua hii usiisome umesimama. Vua kwanza hayo mabuti, kaa, ndipo uendelee.

Jana Mkuu wa ofisi yenu alipita kiwandani kwetu kuchukua madaftari yenu mapya ya vipimo. Nimeyajalidi mwenyewe. Ukiona gundi imezidi kwenye mgongo wa daftari la saba, ujue hapo nilikuwa nakuwaza. Akiwa anasubiri risiti akaniambia, kama mtu anayezungumzia hali ya barabara tu, kwamba wamepata mtu mwingine wa kuja kujifunza kazi yako. Atapanda na lori la tarehe kumi na sita. Masharti ni yale yale: umpokee, umfundishe miezi mitatu, kisha utie sahihi kwenye fomu yake kwamba anaweza kukaa na kituo cha mlimani peke yake. Ukishatia sahihi, wewe unahamishiwa ofisi ya hapa mjini. Kutoka mlangoni kwetu ni dakika ishirini kwa miguu. Nimeenda na saa mkononi.

Huyu ni wa tatu. Wa kwanza alidumu siku tisa, akashuka amevaa viatu visivyofanana. Wa pili alimaliza mwezi, na nasikia mpaka leo ukimtajia mlima anahama kiti. Ofisini kwenu wanasema ni baridi na upweke. Mimi nasema baridi ya huko haikuanza juzi. Sikuulizi uliwafanyia nini wale. Nakuomba tu huyu umpokee. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na safari hii wenyeji wa kupona tuko wawili.

Bado nalala upande wangu wa kitanda. Upande wako naweka nguo zilizofuliwa. Ukija nitazitoa.

Mkeo


Kituoni, 17 Februari

Mke wangu,

Dereva amekwisha kuwasha lori, kwa hiyo nafupisha.

Mgeni amefika jana. Ametapika kwenye kona zote thelathini na moja za kupanda huku. Nimempa chumba cha stoo; magunia ya mkaa nimeyasukumia upande mmoja. Nimemwonyesha kazi: kibanda cheupe chenye vipimajoto, chombo cha kupimia mvua, mshale wa upepo, redio. Kila baada ya saa tatu tunasoma, tunaandika, tunatuma. Kisha nimemsomea orodha ya mambo yanayoweza kuharibika. Ina kurasa nne. Nilipofika ukurasa wa tatu uso ulimbadilika. Afadhali ajue mapema.

Anashika penseli kama mtu anayetaka kuchora ua. Saba yake inafanana na moja. Nimemwambia hapa saba ikisomeka moja, rubani anaweza kuuona mlima akiwa amekwisha kuuingia. Amenijibu "Ndiyo, mzee" mara kumi na nne kwa siku moja. Nimehesabu. Sidhani atamaliza mwezi.

Gundi ya daftari la saba nimeiona. Kurasa mbili zimeshikana. Sijazibandua. Nimeliweka daftari hilo pembeni, natumia la nane.

Usizihesabu hizo dakika.

Mumeo


Nyumbani, 28 Februari

Mume wangu,

Kumbe una nafasi ya kuhesabu "ndiyo mzee" za watu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelifungia kabatini na ufunguo umeumeza. Mpe kitu afanye. Siku niliyoanza kiwandani fundi mkuu alinipa mkasi asubuhi ile ile, akasema, "Kata." Nikakata vibaya. Akasema, "Kata tena." Hakunisomea orodha ya vidole vilivyowahi kukatika pale, ingawa naamini ilikuwepo.

Kwenye kifurushi kuna vitu vya mgeni: nyembe za kunyolea, fulana yako nene ya zamani, na karanga. Nimemwandikia kikaratasi: "Kijana, jifunge shingo." Karanga ni zake. Nakujua.

Nyumba nimeipaka rangi. Nakuambia ili ukija usipite ukidhani umepotea.

Juzi nilisikia mtu akikohoa barabarani, kikohozi chako hasa, kile cha kukatika katikati. Niliacha bomba wazi nikatoka mpaka njiani na mikono imejaa povu. Alikuwa muuza mkaa. Tukaamkiana. Nikarudi ndani, maji yamefika mlangoni.

Mkeo


Kituoni, 17 Machi

Dada mpendwa,

Hunijui, na kwa jinsi ulivyonifungashia, naona kweli hunijui. Karanga nimekula, fulana naivaa sasa hivi. Nyembe nakurudishia kwa mkono wa dereva kwa sababu sina ndevu. Mimi ni mwanamke. Nina miaka thelathini na minne, nilikuwa nafundisha hesabu mpaka shule yetu ilipofungwa, ndiyo maana hapa naitwa Mwalimu. Nilipokisoma kile kikaratasi cha "Kijana, jifunge shingo" nilicheka mpaka mzee akatoka mbio kuuliza kimeharibika nini.

Lakini sikuandiki ili nikuchekeshe tu. Mwezi mzima niko hapa na sijashika redio. Nikishasoma vipimo, mzee anavisoma tena nyuma yangu na kuandika vyake. Vyake ni sawa na vyangu. Fomu yangu ina sehemu kumi na mbili za kujaza, na zote bado nyeupe.

Si mkatili, nisimsingizie. Huniachia maji ya moto. Wiki ya pili nilipopatwa na homa alinipikia uji, akaweka kiti nje ya mlango wa stoo, akawa ananiuliza kila mara, "Uko macho?" Nikisema niko macho, ananyamaza. Baada ya dakika tano, tena: "Uko macho?" Nilipopona hakutaka nimshukuru.

Kisha siku moja nilimwonyesha picha ya wanangu wawili, niliowaacha kwa mama. Aliishika muda mrefu. Akanirudishia, akasema, "Mtu mwenye watoto hana kazi hapa. Shuka na lori." Tangu hapo tunazungumza tarakimu tu.

Dada, nikishuka sina pa kushukia. Wanangu wako mgongoni kwa mama yangu, na mama ana miaka sabini. Mdogo ameanza kunisahau. Kwenye barua ya mwisho mama anasema mtoto alimwita shangazi yake "mama" na hakuna aliyemsahihisha. Kama nikiikosa kazi hii, basi nitakuwa nimemkosa na yeye bure. Nieleze wewe unayemjua: nimemkosea nini mumeo?

Wako,
Mwalimu


Nyumbani, 29 Machi

Mume wangu,

Kwa hiyo mgeni ni mwanamke. Lugha yetu imekubeba vizuri: "amefika", "anashika penseli", "atamaliza mwezi". Na mimi huku nanunua nyembe.

Sikufichi, siku ya kwanza wivu ulinipanda, na kuna sahani ambayo haipo tena. Siku ya pili nikaona aibu. Ya tatu nikajua haukuwa wivu wa mwanamke. Wa mwanamke ningeujulia dawa, ningepanda lori nikaja. Ninauonea wivu mlima. Nimeolewa na mtu aliyeoa mlima, na ule mlima haugombani, hauzeeki, wala haumuulizi kitu.

Barua zako zote ni vipimo. Sasa nijibu swali moja bila tarakimu: unataka kurudi nyumbani, au hutaki?

Mkeo


Nyumbani, 29 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Nisamehe kwa nyembe. Pokea karanga hizi nyingine badala yake.

Hujamkosea kitu. Maneno yale aliyosema juu ya watoto hayakukuhusu wewe.

Tulikuwa na binti. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno yote na hakunyamaza tena, mpaka usingizini. Kila baba yake alipokuwa anapanda kwenda kituoni alimpa maagizo. "Baba, upepo ukija na harufu, andika na harufu yake." Na baba yake alikuwa anaandika, kwenye karatasi ya pembeni, anamletea.

Miaka minne iliyopita, akiwa na miaka tisa, homa ilimchukua kwa siku tano. Ilikuwa tarehe kumi na moja Agosti. Baba yake aliambiwa kwa redio. Hakuja kuzika. Aliandika kwamba mvua ya wiki ile ilikata barabara. Mwaka uliofuata alikuja likizo ya siku tano, akalala kwenye kiti cha sebuleni, akaondoka siku moja kabla ya siku zake. Kaburini hakwenda, na mimi sikumwambia twende. Tangu hapo hatujamtaja mtoto kwenye barua hata mara moja. Zamani aliniita Mama Chiriku. Sasa mimi ni "mke wangu", kama mtu anayejaza fomu.

Usimwogope. Kama hakupi jembe, lichukue.

Dada yako


Kituoni, 14 Aprili

Mke wangu,

Jana kabla ya vipimo vya saa sita mchana Mwalimu alikuja na daftari mezani. Nilikuwa nimempa madaftari ya zamani ayanakili ili saba yake inyooke. Hili lilikuwa la miaka minne iliyopita. Akalifungua, akaweka kidole.

"Mzee, tarehe kumi na moja Agosti umeandika mvua sifuri."

"Ndiyo."

"Kumi na mbili, sifuri. Kumi na tatu, sifuri. Wiki nzima."

"Ni kiangazi, Mwalimu."

"Mkeo anajua ilinyesha mpaka barabara ikakatika."

Nikamwambia afunge daftari. Hakufunga. Akasema, bila kupandisha sauti, "Siku ya kwanza uliniambia asiyeandika alichokiona asishike penseli. Sasa mimi mwanafunzi nifuate lipi, daftari au barua?" Halafu akatoka kwenda kusoma kipimajoto, kwa sababu muda ulikuwa umefika na mimi nilikuwa sijainuka.

Basi nakuandikia nilichokiona.

Haikunyesha. Anga lilikuwa safi, upepo kidogo wa mashariki. Redio iliita asubuhi saa mbili. Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema, wala hakunificha kwa maneno. Akasema mtu wa kunishikia kazi hatapatikana kabla ya siku nne, lakini niondoke tu, kituo kitafungwa. Aliniruhusu. Hilo sijakuambia hata siku moja. Na lori lilikuwa uani, lilikuwa limelala hapa. Dereva alifungua mlango wa mbele akaniambia, "Panda, mzee, tutafika jua lingalipo." Nikaingia ndani kuchukua koti. Nikakaa kitandani na koti mkononi. Saa tatu ikafika, nikatoka nikasoma vipimo, nikavituma. Sauti yangu haikutetemeka. Nikarudi ndani, nikakuandikia ile barua ya mvua, nikampa dereva.

Watu wanadhani nilibaki kwa ajili ya kazi. Natamani ingekuwa hivyo. Nilibaki kwa sababu huku juu hajafa. Huku juu, ikiwa asubuhi, yuko shule. Ikiwa jioni, anakusumbua jikoni, hakuachi umalize sentensi. Nimemtunza hivyo miaka minne. Na kila anayeletwa kupokea kazi hii, mimi namwona amekuja kuniambia nishuke nikamzike. Wale wawili sikuwafukuza kwa fimbo. Niliwanyima tu mahali pa kutua.

Umeuliza kama nataka kurudi. Nataka. Nautamani mlio wa ufunguo wako mlangoni kuliko ninavyotamani kulala. Huwa naandika vipimo vya saa kumi na mbili jioni huku najua sasa unatoka kazini, sasa unavuka, sasa unapekua mkoba unatafuta ufunguo. Lakini niliogopa kwamba siku utakaponitazama usoni utazisoma zile sifuri zote.

Nisamehe ikiwa unaweza. Ukishindwa, nitaelewa.

Mumeo


Kituoni, 28 Aprili

Mke wangu,

Lori limekuja bila barua yako. Nimemuuliza dereva mara mbili. Mara ya tatu aligeuza mifuko yake nje nijionee.

Sikulaumu. Nakuandikia tu kazi inavyokwenda, na safari hii si kukwepa.

Mwalimu nimempa redio. Mara ya kwanza mkono wake ulikuwa unatoa jasho mpaka kitufe kikateleza. Ofisini wakauliza, "Nani anazungumza?" Akanitazama. Nikamwambia, "Sema kituo." Akasema, "Kituo." Wakaandika, basi. Alipomaliza alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji. Nilimwacha.

Magunia ya mkaa nimeyatoa chumbani kwake. Nilipaswa kuyatoa siku ile ile. Nimemtengenezea rafu ya mbao, imepinda kidogo. Nimemwomba anionyeshe tena ile picha, nikamuuliza majina ya wanawe, nani anapenda nini. Mkubwa anaogopa kuku. Mdogo anaimba akiwa chooni. Tulizungumza mpaka chai ikapoa, na sikumbuki mara ya mwisho chai yangu kupoa kwa sababu hiyo.

Kwenye fomu yake nimejaza sehemu kumi na moja. Ya kumi na mbili ni sahihi yangu. Siku ya miezi mitatu ikifika nitaitia, hata usiponijibu. Hawezi kunyimwa kazi kwa sababu mimi sina pa kwenda.

Mumeo


Nyumbani, 9 Mei

Baba Chiriku,

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika mambo mazuri tu, na mambo mazuri tu hayakuwa kweli. Nimechana karatasi za kutosha kujalidi kitabu.

Nilijua.

Barua iliyosema barabara imekatwa ililetwa na lori lililopita barabara hiyo hiyo. Dereva alishuka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walikuwa bado wamejaa uani. Nikaisoma nimesimama, nikamgeukia kila mtu nikasema, "Mvua. Barabara haipitiki." Mama yako aliyatazama magurudumu ya lori, makavu, akanitazama mimi, akanyamaza mpaka anaingia kaburini mwake. Kwa hiyo uongo ule si wako peke yako. Wewe uliuandika, mimi niliutangaza.

Na tarehe ile nilimwandikia Mwalimu makusudi. Madaftari yenu nayajua, yote yamepita mikononi mwangu, na kila tarehe ina nafasi yake ya mvua. Nilitaka mtu akuulize, mtu ambaye hatalia akikuuliza, kwa sababu mimi kila nilipojaribu nilianza kulia kabla ya swali.

Ungetegemea sasa nikukasirikie. Nilikukasirikia. Mwaka wa kwanza ningeweza kukuuma. Lakini nilikuwa na langu, na mwenye lake hana mdomo.

Homa ilianza siku tano kabla. Siku ya pili jirani aliniambia niende ofisini wakuite kwa redio. Nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni kwa Mkuu, nikainua mkono nibishe. Unakumbuka ulikuwa umeahidiwa uhamisho mwezi ule, na walikuwa wamesema ukiacha kituo bila mtu hata siku moja, uhamisho umekufa. Nikajiambia homa ni homa, kesho ataamka. Nikashusha mkono. Nikarudi nyumbani. Ungeitwa siku ile, ungetembea kwa miguu, nakujua, na ungemkuta bado anazungumza.

Alikuulizia siku tatu. Aliniuliza, "Baba ameambiwa?" Nikamwambia ameambiwa. Akasema, "Yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko njiani. Kila alipoamka aliuliza umefika wapi, na mimi nilimtajia kona. Nilikuteremsha kona zote thelathini na moja, moja moja, ili alale. Alipotuacha, alikuwa anakungoja kwenye daraja la chini, baada ya kona ya mwisho.

Sasa unajua kwa nini sikukwambia twende makaburini ulipokuja. Niliogopa nikifika pale na wewe nitasema.

Wewe ulificha jua, mimi nilificha homa. Nani amsamehe nani, sijui, na nimeacha kupiga hesabu hiyo. Ninachojua ni kwamba kila Jumapili nakwenda peke yangu, na nimechoka kwenda peke yangu. Njoo. Si lazima uje umepona.

Mama Chiriku


Nyumbani, 6 Juni

Mwalimu,

Natumaini kituo kimesimama. Dereva ananiambia umebandika picha za wanao juu ya redio. Ukuta ule una unyevu. Weka nailoni nyuma yake.

Jumatatu niliripoti ofisini. Nina miaka hamsini na tatu na nilifika saa nzima kabla, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipokelewa na mama mmoja wa masjala, mfupi, mkali, ambaye hakuniuliza nimefanya kazi miaka mingapi. Alinishika mkono akanionyesha choo, birika, kiti cha kuepuka, na mtu wa kuepuka kabla hajanywa chai. Akasema, "Usipoelewa uliza. Tunacheka siku ya kwanza tu." Niliuliza mambo kumi na nane. Walicheka kama walivyoahidi. Kufika mchana nilikuwa na meza. Nikakukumbuka wewe katikati ya magunia ya mkaa, ukisomewa kurasa nne za maafa, nikaona aibu mpaka masikioni. Ile orodha fanya unavyotaka. Ila mgeni wako atakapokuja, maana ipo siku atakuja, mpe chai kwanza.

Siku ninaondoka uliniambia, "Mzee, ukiniandikia, usiniandikie vipimo." Haya.

Sikuwa na ufunguo. Nilibisha hodi mlangoni kwangu. Jirani aliyehamia juzi alitoa kichwa dirishani akaniuliza namtafuta nani. Mama Chiriku alifungua, vidole vina gundi. Hakulia, wala mimi. Alisema, "Karibu," nikasema, "Ahsante," kama watu waliokutana benki. Kisha akaanza kunitembeza. Swichi ya jikoni inapiga shoti, tumia fimbo. Bomba linafunguka kinyume. Mlango wa nyuma unyanyue kwanza ndipo usukume. Nilikwenda kuchukua sukari mahali ilipokuwa siku zote, nikatoa sabuni. Hapo ndipo alipocheka, na alipoanza kucheka akalia, akakaa chini pale pale na sabuni mapajani, na mimi nikakaa naye. Hatukusema mengi. Tulikuwa tumekwisha kuandika.

Chumba cha Chiriku anakitumia kuwekea karatasi za kazi. Nilidhani nitakuta vitu vyake vimepangwa kama alivyoviacha, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Viatu vyake alivigawa. Aliponiambia hivyo alinitazama sana, akangoja. Nikamwambia umefanya vizuri.

Jumapili tulikwenda. Ni mwendo wa nusu saa. Njiani hatukuzungumza, ila mara moja aliposema, "Angalia shimo."

Kaburi ni dogo. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, Mwalimu. Miaka yote nilikuwa naliwaza kubwa. Amelipanda majani, na pembeni kuna jiwe bapa analokalia. Alikaa, akaanza kung'oa magugu huku anamweleza habari kwa sauti yake ya kila siku: kiwanda kimeleta mashine mpya, binti wa jirani ameolewa, paka amezaa tena. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyaandaa tangu mlimani, kona baada ya kona, na hakuna hata moja lililokuja.

Alipomaliza magugu alipangusa mikono. Akamwambia, "Baba yako amefika."

Kisha akasogea kwenye lile jiwe, akapapasa kwa kiganja mahali palipobaki. Nikakaa.

Baba Chiriku